Pale Wimbo Unaporudi Mara Tatu

Kabla sijausikia wimbo ule hata siku moja, nilikuwa naujua. Nilikuwa nauimba kwa pua tu, bila maneno, nikichuma majani ya chai, nikisugua sufuria, nikipanguza darasa zamu yangu ikifika. Unapanda kama mtu anayekimbia mlima, halafu ukifika juu kabisa unakwama. Kipande kidogo kinarudi mara tatu, ta-ra-ra, ta-ra-ra, ta-ra-ra, kisha unaanza tena kutoka chini. Sikuwahi kupita hapo. Sikujua kama kuna kitu mbele.

Mama hakuupenda. Mimi ni mtu wa kunyamaza, mwalimu akiniuliza swali najibu kwa sauti ya mbu, kwa hivyo ungedhani mama angefurahi kitu chochote kikitoka kinywani mwangu. Lakini nikianza tu, aliacha alichokuwa akifanya.

"Wewe! Nyamaza na hiyo kitu."

Hakuwahi kusema ni kitu gani.

Kogo naye, yaani nyanya yangu mzaa baba, akinisikia alifumba macho. Na tukiwa wawili tu hakuniita kwa jina langu. Aliniita kwa jina la mtoto wake aliyekufa.

Kwetu mtoto akizaliwa kuna jambo linaitwa kurenet. Wanawake wazima hukaa jikoni na mtoto mapajani, wanamwekea ugoro kidogo puani, kisha wanaita majina ya watu wa ukoo waliokufa, moja baada ya lingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye amerudi. Watu wengi wa kanisa siku hizi hawafanyi, ama wanafanya na hawasemi. Mimi nilifanyiwa. Waliita majina manne ya wanawake, nikalala tu. Kogo akaita la kitinda mimba wake, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekufa miezi sita kabla sijazaliwa, na nikapiga chafya mpaka nikaamka nikilia. Wengine walinong'ona, maana msichana kurudiwa na mwanamume si jambo la kila siku. Lakini chafya ni chafya.

Kwa hivyo nimekua nikijua kwamba mimi ni mtu fulani kidogo. Haikunisumbua sana. Ilianza kunisumbua likizo ya Agosti mwaka huu, nikiwa kidato cha tatu, siku niliyovaa koti.

Ilikuwa Alhamisi. Mama alikuwa ameenda maombi ya akina mama, na baba yuko Siongiroi kwa biashara yake ya ng'ombe, huwa anakuja mwisho wa mwezi. Mvua ya saa nane ilinikuta shambani, nikaingia kwa Kogo sweta ikidondoka maji.

"Vaa hilo la nyuma ya mlango," Kogo alisema.

Nilimwangalia. Koti la nyuma ya mlango lilikuwa la baba mdogo, huyo kitinda mimba wa Kogo. Sijawahi kuona mtu akilivaa. Hata paka hakulala chini yake.

"Si unatetemeka? Vaa."

Lilikuwa zito, jeusi, linanuka moshi. Ndani, upande wa moyo, kulikuwa na kitu kigumu. Nikatoa. Ilikuwa CD, kwenye kisanduku chake cha plastiki. Nje kulikuwa na picha ya mwanamume aliyevaa chuma mwili mzima, amesimama ukingoni mwa mlima na upanga juu, na chini yake joka la kijani limefungua mdomo.

"Ilikuja na koti," Kogo alisema, kama tulikuwa tayari tunazungumza hayo. "Nilinunua Kapsoit, mitumba. Yeye akafurahia hiyo kuliko koti."

Nikapitia uani na mvua, nikaingia nyumba kubwa, nikaweka ile CD kwenye deki ya DVD.

Sijui niandike vipi. Ngoma zilikuwa za haraka hivi kwamba nilitazama juu, nikidhani mvua ya mawe imeanza kupiga mabati. Gitaa mbili zikawa zinakimbia pamoja kama ndama waliofunguliwa asubuhi. Halafu mwanamume akaimba, na sauti ilikuwa juu sana, nikadhani ni mwanamke, kisha nikadhani si mtu. Nyuma yake kundi zima likaitikia, kama kwaya iliyofungiwa ndani ya kanisa la mawe. Walikuwa wanaimba kwa Kiingereza kuhusu mlima na upanga na ahadi fulani. Mimi, ambaye nikiombwa kusali mbele ya wageni naona kizunguzungu, nilisimama katikati ya sebule na mikono juu. Nilihisi kifua changu kimekuwa kikubwa. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sikukaa chini.

Wimbo wa saba ulianza, na mdomo wangu ukatangulia.

Nilijua kila mahali unapopanda. Nilikuwa naimba mbele yake, nusu hatua, kama mtu anayesoma kitabu alichokisoma. Ukafika juu. Ta-ra-ra, ta-ra-ra, ta-ra-ra. Kisha deki ikaguna na wimbo ukaanza upya.

Mwanzoni nilidhani ndivyo walivyouimba. Nikaitoa CD, nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kulikuwa na mkwaruzo mmoja, mwembamba kama unywele.

Nikakaa chini. Hapo ndipo nikaanza kuogopa. Kumbe kile nilichokuwa nikiimba tangu utoto, pale panaporudi mara tatu, hakikuwa wimbo. Kilikuwa mkwaruzo. Mtu anaweza kuusikia wimbo kwa redio ya jirani akausahau. Lakini ningejuaje mkwaruzo wa CD iliyokuwa mfukoni mwa marehemu?

Niliirudisha ndani. Hata hofu haikunizuia. Nilisimama nikiimba na mgongo wangu ukiwa kwa mlango, koti bado mwilini, na hapo nyuma yangu mama akapiga kelele. Alipiga kelele jina la baba mdogo.

Nilipogeuka alikuwa amekaa sakafuni na Biblia yake imeangukia matopeni mlangoni. Aliniangalia muda mrefu sana kabla hajanijua.

"Toa," alisema. "Toa koti. Zima hiyo kitu."

Siku hiyo ndiyo nilielezwa. Mama alikuwa ameolewa miaka michache tu, dadangu akiwa mtoto mdogo. Wanawake walikuwa wanachuma pamoja na baba mdogo pale shamba la chini, mvua ikaja na ngurumo, wote wakakimbia kwenye kibanda cha kuuzia majani. Yeye akabaki. Alikuwa anaimba. Mama alimsikia vizuri kutoka kibandani, maana aliimba kwa nguvu ili kuwachekesha.

"Alifika pale panaporudi," mama alisema. "Mara ya kwanza. Mara ya pili. Halafu radi."

Akaiokota Biblia, akaipangusa matope.

"Ya tatu sikuisikia. Nilianza kuisikia kutoka kwako, ukiwa na miaka miwili."

Alichukua CD, akaitazama ile picha. "Na hili ni joka la Ufunuo, usiniambie silioni. Jumapili inaenda kanisani, itachomwa, na wewe utaombewa. Huyo mtu alikufa na miaka kumi na tisa. Wewe umebakisha miwili. Sitamwacha akupeleke alikoenda."

Akaifungia kwenye sanduku lake la nguo. Sikubishana. Huwa sibishani. Lakini usiniulize nilikuwa nawaza nini, kwa sababu sikuwa nawaza radi. Nilikuwa nawaza kwamba kile kitu cha kwanza nilichokipenda mwenyewe maishani, bila kuambiwa na mtu, huenda si mimi niliyekipenda.

Ijumaa dadangu alikuja kutoka chuo cha uuguzi. Nilimwimbia kidogo, tukiwa nyuma ya zizi, nikamtajia jina la kwenye kisanduku. Akatafuta kwa simu.

"Wee! Kumbe hii ni power metal, rock ya wazungu," alisema akicheka. "Wanaume wazima wamevaa ngozi kubana hivi, nywele kama za wanawake. Na vile unaogopanga hata kuku! Kwani unasikizanga hivi?"

"Weka tu ya saba."

Akaweka. Ukapanda, ukafika juu, na haukukwama. Ta-ra-ra mara moja tu, halafu ukaendelea mbele, ukapanda mahali pengine kabisa, na ile kwaya ya kanisa la mawe ikafunguka yote. Ilikuwa nzuri hadi nikashika ukuta. Lakini wakati ule ule nilihisi kama tulikuwa wawili tukitembea na mmoja wetu amesimama nyuma. Niligeuka. Kulikuwa na ndama tu, anatuangalia.

"Nini?" dadangu aliuliza.

"Hakuna."

Jumamosi asubuhi ukungu ulishuka mzito. Wenye kuchuma chai wanaujua. Huoni kikapu cha mwenzako, unasikia tu majani yakikatika, na epron za plastiki zikisugua michai. Nilikuwa mstari wa juu peke yangu. Na huko chini, shamba lile la chini, nikasikia mtu anaimba.

Kwa pua, bila maneno. Unapanda.

Mikono yangu ilisimama juu ya majani. Dadangu alikuwa bado amelala. Mama alikuwa anakamua. Wimbo ukafika juu. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Nikafumba macho nikingoja ukatike, na nikajua kwamba ukikatika hapo sitarudi nyumbani na akili zangu.

Ukarudi mara ya tatu, kisha ukaanza chini.

Niliteremka nikisukuma michai kwa mapaja, maji ya umande yakiingia ndani ya viatu vyangu vya gambuti. Kwanza nikaona kitambaa cheupe kikielea kwenye ukungu. Kisha nikamwona Kogo, ameinama, anachuma.

"Kogo. Huo wimbo."

Hakushtuka. "Ni wa huyo mwanangu. Aliupiga kwa redio kubwa mpaka nikaujua. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, mama yako alipokuwa anachuma. Ulikuwa unalia sana. Nilikuimbia huo."

"Kwa hivyo ni wewe ulinifundisha?"

"Ni mimi."

Ningefurahi hapo, na kidogo nilifurahi. Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyemaliza. Alitupa majani kikapuni, akapanguza vidole kwenye epron.

"Siku ya kukuita, ugoro ulikuwa kwenye kidole changu," alisema. "Wale wanne wa kwanza waliitwa mkono wangu ukiwa mbali. Nilipofika kwake ndipo nikakuwekea. Nikakuwekea mwingi."

Ukungu ulikuwa unapita katikati yetu. Nilimwona, sikumwona, nikamwona.

"Nilikuwa nimemzika miezi sita tu, lakwet, mtoto wangu. Nilimtaka arudi haraka."

"Sasa mimi ni nani?"

"Sijui," Kogo alisema. "Hatukumaliza kuita."

Jumapili asubuhi mama alikuwa amevaa tayari, CD iko kwenye mkoba. Kogo alikuja jikoni kwetu na fimbo yake akasema yote, akiwa amesimama, kama mtu aliye mbele ya chifu. Mama alisikiliza bila kukatiza. Kisha akakaa kwenye kigoda na nguo zake za kanisa.

"Miaka kumi na saba," alisema. "Miaka kumi na saba nimekuwa nikimwogopa mtoto wangu mwenyewe. Na ni kidole chako, Mama?"

"Ni kidole changu."

Nilidhani atalia ama atapiga kelele. Badala yake alisukuma mkoba katikati ya meza.

"Mwite sasa. Bila ugoro. Nataka kuona mikono yote miwili. Asipopiga chafya, hiyo kitu ni ya kwake, ni muziki tu. Akipiga, naenda nayo kanisani, na yeye anaenda na mimi."

Dadangu alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. "Kweli tunafanya hivi? Kabla ya ibada?"

"Nyamaza wewe," mama alimwambia.

Nilikaa kwenye kigoda kingine. Kogo alikunjua mikono yake juu ya magoti, mitupu, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Akaita wale wanawake wanne kwa mpangilio ule ule. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ulikuwa unatambaa chini. Jina la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. La tatu na la nne, nilikuwa nasikia jogoo nje.

Kisha akaita jina la mwanawe. Aliliita polepole, na sauti yake ikapasuka katikati.

Pua yangu ikawasha.

Ilianzia mbali, juu kabisa karibu na macho, ikashuka kama mtu anayeshuka ngazi akihesabu. Nilibana ulimi kwenye kaakaa, vile tunavyofanya shuleni vumbi la chaki likiingia wakati wa maombi. Nikaacha kupumua. Macho yakajaa maji. Mama alikuwa ananitazama usoni, nami nikamtazama, nikajilazimisha nisifumbe macho.

Ikasimama. Haikurudi juu, ilisimama tu mahali ilipokuwa.

"Hakuna," mama alisema. Akatoa pumzi, na mabega yake yakashuka kwa namna ambayo sikuwahi kuyaona yakishuka. "Machozi ya nini? Imeisha."

Akanipa CD. "Sauti iwe chini. Na hilo joka ulifunike na karatasi."

Lakini Kogo alikuwa ameketi karibu kuliko mama, na tangu siku hiyo ananiita kwa jina langu, kwa uangalifu, kama mtu anayebeba maziwa yaliyojaa hadi ukingoni.

Huenda ulikuwa moshi. Kuni zilikuwa mbichi, nimeshaandika hivyo. Sijamwambia mama, sijamwambia dadangu, na sitawaambia.

Sasa najifunza ile sehemu ya mbele, ile ambayo mkwaruzo uliificha. Baba mdogo hakuwahi kuisikia, kwa hivyo hiyo ni yangu, hakuna ubishi. Naiimba nikiwa shamba la chini, kwa sauti kabisa kama hakuna watu. Napanda, nafika juu, ta-ra-ra mara moja, naendelea mbele. Na kila nikipita hapo, bila moshi, bila vumbi, pua huniwasha.