Jiko la Bomba Siku ya Arobaini ya Mama

Hii aibu ningeendelea kuinyamazia kama watu wa avenue yetu hapa Kabondo wasingekuwa wanaisimulia kila mmoja kwa namna yake (kuna mmoja anasema jiko lililipuka, na huo ni uongo, halikulipuka), kwa hiyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe, niliyepiga magoti ndani ya mtaro wa maji machafu nikiwa nimevaa nguo nyeupe ya msiba, mbele ya shehe, mbele ya wajomba zangu waliotoka Kindu, mbele ya wanawake wote waliomjua mama.

Mama alikufa kwa kifua. Maisha yake yote alipikia kuni juu ya mafiga matatu, mawe meusi aliyokuja nayo alipohamia mjini, na kila nilipomsikia anakohoa jikoni nilimwambia nitamnunulia jiko la chuma lenye bomba la kutoa moshi nje. Yeye alicheka tu. "Na siku ya matanga," aliniuliza, "ile bomba nitaibeba ku kichwa?" Maana mawe yake hayakuwa ya kukaa nyumbani: popote palipofiwa, kwa Waislamu wenzetu au kwa Wakristo, aliyapanga ndani ya beseni, akajitwika, akaenda kuwapikia wafiwa, kwa sababu kwetu mfiwa hapiki, na mawe ya wengine yalipasuka kwa moto lakini ya mama hayakupasuka. Mimi niliona ni mzaha wa mtu mzima. Nauza vitenge sokoni, biashara ilikuwa inakwenda vizuri, nikawa naahirisha lile jiko mwezi hadi mwezi, mpaka mama akaondoka sijalinunua.

Arobaini yake ilipokaribia, nikawa napita mtaa wa Makiso, nikaliona jiko la namna ile. Lilikuwa limesimama mbele ya nyumba moja ya zamani, jiko la chuma kizito, lina tanuri na bomba, na mzee mmoja, tonton tunavyowaita, aliyekuwa anahama alikuwa analiuza pamoja na viti na vitanda. Nililizunguka huku machozi yananilenga. Tonton alinihakikishia kwamba liko zima. "Inabakia tu ma-petites réparations, maman," alisema, na kweli ilikuwa vitu vidogo vya kutengeneza: mguu mmoja umekatika, mlango unaning'inia, mgongo una ufa unaopitisha kidole, bomba lina tundu. (Mtu mwenye maradhi manne ya namna ile tungekuwa tayari tumemsomea Yasini.) Nikalinunua, vijana wanne wakalisukuma kwa mkokoteni wa pousse-pousse mpaka kwetu, na mimi nyuma yao natembea taratibu kama bibi harusi.

Jioni ile akaja Mama Zaina, jirani yetu wa ukuta mmoja, rafiki wa mama tangu ujana wao, pamoja na wanawake wengine wa avenue, kuuliza walete kuni lini na sufuria ngapi. Hapa ndipo nilipoharibu. Nikawaambia wasijisumbue, safari hii nina jiko langu, nitapika mwenyewe, wao waje wamevaa vizuri wakae kama wageni. Nilidhani ninawapa heshima, lakini niseme ukweli wote: nilitaka wajomba waone kwamba binti wa dada yao amefika mahali, hahitaji kuombaomba mikono ya watu. Mama Zaina alinitazama kidogo. "Haya, kama ni vile unapenda," akasema, na wakaondoka.

Basi nikaanza matengenezo. Fundi wa kuchomelea vyuma alikuja, akatazama, akasema kazi ipo lakini umeme umekatika mtaa mzima, nisubiri, na mimi kusubiri siwezi, arobaini haihamishwi. Nikaamua kuwa fundi mwenyewe. Ule ufa nikauziba kwa udongo mbichi, tundu la bomba nikalizungushia mkebe wa maziwa niliouchana na kuufunga kwa waya, mlango nikaufunga kwa waya vilevile. Ukabaki mguu. Lile jiko nilikuwa nimeliweka palepale mama alipokuwa anapikia, na ili lipate nafasi nilikuwa nimeng'oa mafiga yake, mawili nikayavingirisha mtaroni. La tatu nikaliingiza chini ya jiko, mahali pa ule mguu uliokatika. Likaenea vizuri sana. Nilirudi nyuma nikajisifu kwa sauti, na hata kuliwasha kidogo kulijaribu sikuona haja.

Siku yenyewe wageni walijaa chini ya turubai, kisomo kikaanza, mimi peke yangu nyuma na mbuzi mzima ndani ya sufuria moja na mchele ndani ya nyingine. Moto mwanzoni ulikubali. Halafu ule udongo ukakauka, ukaanza kubanduka vipande vipande, na mkebe wa maziwa ukajifungua ukaanguka, na moshi, badala ya kupanda juu kama nilivyomwahidi mama, ukainama ukaingia chini ya turubai. Nikasikia kikohozi kimoja, kisha viwili, kisha shehe mwenyewe akanyamaza katikati ya aya, akafuta macho, akaendelea, akanyamaza tena. Kukohoa kule kulinichoma moyo kwa sababu nilikuwa nakujua. Mara nikaona ulimi wa moto unatoka kwenye ufa kuelekea kamba ya turubai, nikaogopa, nikachukua ndoo ya maji nikamwaga mgongoni mwa jiko, nikaongeza ndoo ya pili.

Moto ule ukatulia. Lakini maji yaliteremka chini, ardhi ikawa tope, na lile jiwe la mama, lililobeba mzigo usio wake, likaanza kuzama taratibu huku ninalitazama, jiko likainama nalo, na sufuria zote mbili zikateleza pamoja zikamwagika mbele ya wageni, nyama huku, mchele huku. Mwenyezi Mungu asifiwe, hakuungua mtu.

Hakuna aliyecheka, na ningeshukuru kama wangecheka. Kisomo kilisimama. Nilitazama upande wa wanawake, wamekaa wote na vitenge vyao vizuri, mikono mapajani, hakuna hata mmoja aliyenyanyuka, na sikuelewa kwa nini wananiacha peke yangu, mpaka Mama Zaina alipofungua kinywa.

"Mutoto yangu," alisema polepole, "ulituambia tukae. Sasa tunaweza kusimama?"

Nilitikisa kichwa, ndiyo, na kilio nilichokizuia tangu siku ya mazishi kikatoka chote, cha mtoto kabisa, mbele ya wale wajomba. Wanawake wakasimama kwa pamoja. Mmoja akakunja kitenge akaenda kutafuta kuni, mwingine akarudi kwao kuchukua mchele, na wauza samaki waliohamia kwetu kutoka Isangi wakaleta samaki. Mama Zaina akatazama tope, akatazama jiko, akauliza swali ambalo nilikuwa naomba asiulize.

"Mawe ya mama yako iko wapi?"

Nikamwonyesha chini ya jiko, halafu nikamwonyesha mtaro. Uso wake ulibadilika. Sikungoja aseme neno, niliingia mwenyewe mtaroni na ile nguo nyeupe, nikapapasa katika maji yale mpaka nikayapata yote mawili, nikayatoa, nikayaosha, huku wajomba wakilinyanyua jiko na kulisogeza kando ili la tatu litoke. Mama Zaina aliyapanga mahali pake bila kupima, akawasha moto.

"Mama yako alitupikia sisi wote," aliniambia akiwa anapuliza. "Leo ilikuwa zamu yetu. Ni hii tu tulikuwa tunangojea."

Wageni walikula alasiri, shehe alingoja bila kulalamika, na dua ilisomwa mpaka mwisho. Jiko bado lipo uani, kuku wanataga ndani ya tanuri. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu, nami neno hilo nililisikia tangu utoto nikadhani wanasema habari za mapishi. Nimeapa sitamwambia tena mtu asijisumbue siku ya msiba wangu, wala sitangoja kuambiwa siku ya msiba wake.

Juzi mmoja wa wale wanawake wa Isangi alifiwa na kaka yake. Nilifunga duka mapema, nikayapanga mawe matatu ndani ya beseni la mama, nikajitwika. Sikujua kwamba ni mazito namna ile. Nilipofika wanawake walisogea wakanipa nafasi penye moto, na shingo iliniuma mpaka kesho yake, na sikumwambia mtu.