Mashine ya Papa Alimasi

Nisimulie mwenyewe kabla soko zima la Kisangani halijawasimulia. Tangu vita vifunge mto na boti za Kinshasa ziache kufika, mimi na jirani yangu Papa Alimasi tunatengeneza karatasi za kufungia sabuni na sukari. Tunaloweka makaratasi makuukuu, tunatwanga, tunaanika. Zangu hukauka kama ngozi ya mamba. Zake zikaanza kutoka laini, na wateja wangu wakahamia kwake.

Wivu ukanila. Huyu kapata mashine! Kila mchana, mke wangu akishaniaga kwenda sokoni, moshi ulipanda nyuma ya ukuta wake. Jana nikaparamia ukuta huo nichungulie, nikateleza, nikatumbukia ndani ya pipa lake la rojo mbele ya wateja.

Nikatoa kichwa. “Mashine iko wapi?”

Mwanamke aliyekuwa akipiga pasi ya makaa karatasi zilizopakwa uji wa muhogo akageuka. Mke wangu! Akaniita kwa jina la binti yetu:

“Papa Yvonne, mashine ni mimi. Nilikuambia tupige karatasi pasi, ukasema iko kazi ya banamuke. Papa Alimasi yeye hakukataa. Bon, toka mu pipa, unatuharibia kazi.”