Nyuzi za Kuhesabia Kayongo

Mvua za mwaka huu zilipoanza, kijana wa boda aliniletea bahasha ndogo ya kaki kutoka Sindo. Ndani mlikuwa na punje za mahindi zisizojaza hata kiganja, rangi yake ya manjano imekolea kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Juu ya bahasha hapakuwa na jina, ila namba tu. Niliketi kizingitini nikalia, na yule kijana wa watu akasimama pale akidhani ameniletea habari za msiba. Ilibidi nimweleze kwamba ni mahindi ya nyanya yangu, kwamba yalikuwa yamepotea, na sasa yamerudi. Aliniangalia kwa adabu tu, akawasha pikipiki yake akaenda.

Wewe uliyelelewa na nyanya hutahitaji maelezo mengi. Boma letu liko kati ya Sindo na Kisegi, mahali ambapo ukiamka unalisikia ziwa kabla hujaliona. Asubuhi zangu zilinukia omena iliyoanikwa na moshi wa kuni. Juu ya meko ya nyanya yalining'inia mahindi ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, yakipata moshi msimu hadi msimu ili mdudu dumuzi asiyaguse. Yalikuwa mafupi, nusu ya haya ya dukani, lakini ukiyachoma yalikuwa na utamu ambao sijaupata tena mahali popote. Watu waliyacheka. Waliyaita mahindi ya msaada, kwa sababu mwaka wa njaa serikali iligawa mahindi ya rangi hiyo, na hakuna aliyetaka kukumbushwa. Nyanya alikuwa akiwajibu kwamba wacheke tu, mvua ikikatika watamkuta jikoni.

Nilikuwa na miaka kumi mtafiti alipokuja. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viatu vya mpira na penseli iliyochomekwa kwenye nywele, na alitoka kituo cha utafiti wa mazao. Alitaka kipande cha shamba cha kujaribia aina mpya za mahindi, apande mvua ya kwanza tu ikinyesha. Wajomba walimwambia ukweli: katika boma letu hakuna anayeweza kutia mbegu ardhini kabla ya mama mkubwa wa boma, yaani nyanya, kuanza. Kama ana haraka, basi shamba lake ni la nyanya.

Walielewana upesi, kwa Kiswahili cha sokoni cha nyanya na Kiswahili cha shuleni cha mtafiti. Zilikuwa aina kumi na moja, kila moja mistari miwili, na zote zikarudiwa mara tatu huko na huko, isije ikawa moja imebahatika kuangukia penye rutuba. Kwenye kila kipande kilisimama kijiti chenye namba. Majina hayakuandikwa, alisema, ili jicho lisipendelee. Mahindi yaleyale yangepandwa kwa mzee mmoja upande wa Kehancha, kwenye udongo mwekundu na baridi, aone yapi yanapenda wapi. Nyanya alisikiliza yote, akaingia jikoni, akatoka na mahindi mawili ya manjano.

"Hii yangu pia panda," alisema. "Huku na kwa huyo mzee. Hutaki, enda na vijiti zako."

Mtafiti alicheka, akaongeza vijiti vitatu vya namba kumi na mbili. Lakini aliweka sharti moja. Shamba letu lilikuwa na kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi chini kwa chini mpaka yanadumaa. Yeye hakuja kulikimbia, alilifuata. Alitaka kujua ni mahindi gani yanaikataa kayongo, kwa hiyo ilipaswa iachwe ichomoze, ihesabiwe, na isiguswe na mtu.

"Mama, shamba likiguswa, nitalifuta kwenye kitabu," alisema. "Hata hiyo ya manjano itafutika nayo."

Nyanya alikubali. Nadhani hakuwahi kutaka kitu chake mwenyewe kama alivyotaka mbegu ile ihesabiwe pamoja na zile nyeupe.

Hakujua kusoma. Siku kayongo ya kwanza ilipochomoza, alisokota nyuzi za mkonge thelathini na sita, mmoja kwa kila kijiti, akazitundika kwenye misumari ukutani, kwa mpangilio uleule wa vijiti kuanzia langoni. Kila siku ya soko, kabla ya kwenda Sindo, alipita mstari kwa mstari ameinama, mkono kiunoni, akihesabu kayongo kwa vidole. Vidole vitano, fundo moja. Siku ikiisha alifunga kitambaa chekundu kutoka sare yangu kuukuu, ili wiki isichanganyike na wiki. Mtafiti alikuja kuhesabu mara moja, siku ya soko pia, na hakuna aliyemwambia habari za nyuzi. Mimi nilidhani ni mchezo wa wazee.

Kisha kukatokea msiba Kisegi, na nyanya akaenda kuzika. Alinishika bega akaniambia shamba ni langu mpaka arudi, asiingie mtu.

Jumamosi asubuhi wakaja kina mama wa saga, kile kikundi kilichozunguka mashamba ya wenzao kwa zamu na majembe yao na nyimbo zao. Hawakuitwa. Walikuwa wamepita njiani wiki nzima wakiona shamba la mama mkubwa limegeuka zambarau, na kwetu sisi hiyo si kayongo tu, ni aibu. Ni kusema mwenyewe amechoka na hana watu. Nilijaribu kuwaambia habari za mtafiti. Jirani yetu, aliyewaongoza, alinitazama kwa huruma.

"Dani yako ametulea sote," aliniambia, dani akimaanisha nyanya. "Na wewe unakaa hapa kutazama kayongo ikimla?"

Ningeweza kusimama langoni. Sikusimama. Uso uliniwaka kwa aibu, nikawafungulia, na nikwambie ukweli, niling'oa nao. Niliimba nao. Niliwapikia uji wa wimbi wakanisifu kwamba nimekua. Kufikia saa sita shamba lilikuwa safi kama uwanja wa kanisa, na rundo la zambarau likawaka moto kando ya ua. Niliutazama moshi nikakumbuka kijiti cha kumi na mbili.

Nyanya alirudi kesho yake. Aliliona shamba tangu langoni, mzigo ungali kichwani. Nilimngoja anipige. Badala yake alikwenda nyumba kwa nyumba kuwashukuru wale kina mama, akawapelekea samaki aliotoka nao Kisegi, na hakuna hata mmoja wao aliyejua ameharibu nini. Aliporudi aliniuliza kama niliona aibu. Nikatikisa kichwa kukubali, nikilia. Akasema hata yeye angeona.

Mtafiti alipofika alilitazama shamba, akatoa penseli kwenye nywele. Sikuweza kumwangalia usoni. Nyanya hakujitetea wala hakunitaja. Alimwingiza jikoni, akamkalisha kwenye kigoda, akamwonyesha ukuta.

Mtafiti alifungua daftari lake kwenye hesabu ya ile siku moja aliyokuja. Akawa anasoma namba ya kijiti, nyanya anautafuta uzi, anapapasa kitambaa cha wiki ile, anahesabu mafundo. Hesabu zao zilifanana. Uzi baada ya uzi zilifanana. Kwenye kijiti kimoja tu walitofautiana.

"Hapo wewe ulihesabu na jua ya saa nane," nyanya alimwambia. "Ulikuwa umechoka."

Mtafiti akafungua ukurasa mpya. Aliketi jikoni mle hadi jioni, macho yanamtoka machozi kwa moshi, akinakili mafundo yote wiki kwa wiki. Aliandika wazi kwamba shamba lilipaliliwa, na lini, lakini hakulifuta. Nimesoma sana tangu hapo, nimekaa na wenye digrii zao, na bado sijaona kazi iliyonyooka kama ile ya ukutani.

Baada ya mavuno yetu alitupeleka Kehancha, ambako mahindi ya mzee yalikuwa bado shambani. Nyanya alimbebea yule mzee samaki wa moshi, mzee akampa mkungu wa ndizi, wakaelewana kwa maneno machache na kucheka kwingi. Aina moja nyeupe, ambayo kwetu iliishia kiunoni mwangu, huko ilimpita mzee urefu. Mahindi ya nyanya yalikuwa yamelala chini kwa mvua, yameoza ncha. Niliogopa kumtazama. Yeye aliliinua shina moja akalifuta tope, akasema kwamba hapa si kwao, linataka jua. Kisha akaenda kuisifia ile nyeupe ya mzee, akiipapasa majani kwa heshima kabisa. Nilimpenda sana siku ile.

Kwetu, kumi na mbili ndiyo iliyokuwa na mafundo machache kuliko zote. Mtafiti alichukua mbegu yake akaihifadhi kituoni.

Ni vizuri alichukua. Nyanya alipofariki nilikuwa mtu mzima, nikarudi kusimamia msiba, na waombolezaji wakajaa boma. Kina mama wa saga, waliokuwa wamezeeka sasa, waliniomba ruhusa ya kuingia jikoni, nikawaambia wachukue chochote. Walipika kile chakula tunachokiita nyoyo, sufuria kubwa, mahindi na maharagwe pamoja. Nilipoona punje za manjano kwenye sahani yangu nikainua macho juu ya meko, na hapakuwa na kitu. Nilikula nikamaliza. Walikuwa wamekesha kwa ajili yetu, ningewaambia nini?

Mwaka jana ndipo nilipopata ujasiri wa kuandikia kituo. Mtafiti alishastaafu, lakini vijana waliopo waliikuta ile namba kwenye chumba baridi, wakanigawia.

Nimepanda mistari miwili palepale. Kayongo imechomoza, nimeiacha, na nyuzi mbili ziko ukutani. Maua ya zambarau yanaonekana tangu barabarani. Watu wanapita na simu zao, wananipungia mkono. Jirani mmoja alinitumia namba ya kijana anayenyunyiza dawa. Saga haipo tena. Mwenye shamba siku hizi hutafuta kibarua, na asiye na uwezo huona aibu peke yake.

Jumamosi iliyopita nilipika uji wa wimbi, sufuria kubwa, kama siku ile ya saga, nikaacha lango wazi. Mpaka jua likawa utosini, hakuna aliyeingia kuniharibia shamba.