Mwalimu Alituambia Kivuli Si Cheusi

Harufu ya ukindu wa kusukia mikeka unaochemka kwenye sufuria ya rangi hunirudisha darasa la sita, Kilwa Kivinje, mwaka ambao mpaka leo naona tabu kuusimulia.

Mwalimu wetu, Bi Zuhura, alibandika ubaoni picha alizokata kwenye kalenda kuukuu: bustani, bwawa, watu wasio na sura, vyote kama vimefunikwa na ukungu. Akasema zilichorwa Ufaransa zamani sana, na wachoraji waliotoka nje kuuwahi mwanga kabla haujageuka. Mabingwa wa sanaa wa siku zile waliwacheka, wakisema wameacha kazi nusu. Leo dunia nzima inawasifu.

"Tazameni kivuli hiki. Ni cheusi?"

Tukasogea. Kilikuwa cha zambarau! Wenzangu wakashangilia. Mimi nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, hawa walikuwa wanaumwa macho?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Kwa nini unauliza?"

"Mama anaona hivyo hivyo."

Nilitamani niyameze yale maneno. Mama yangu alisuka mikeka, na kwa miezi kadhaa mimi ndiye niliyemchagulia ukindu. Nikichelewa, alichukua wa zambarau akidhani wa kijani. Alikuwa ameniapisha nisimwambie mtu, hata baba.

Jioni ile mwalimu akaja nyumbani kwetu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?" Mama aliuliza, naye mwalimu amesimama mbele yake, mtu aliyezoeana naye.

Mwalimu akajitaja. Kisha mama akanigeukia. "Umenimaliza, mwanangu."

Baba alitupeleka hospitali ya Lindi, na daktari alisema ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi. Baba alirudia njia nzima, "Mficha maradhi, kilio kitamuumbua." Nyumbani nilimsimulia mama rangi zote nilizoziona, mbiombio, kama mtu anayeokoa vyombo kwenye moto, hadi akaniziba mdomo kwa kiganja.

Miaka mingi nilidhani alificha kwa aibu. Siku ya msiba wa mama, mama mdogo ndiye aliyenieleza. Jirani yetu alipopofuka, binti yake alitolewa shule ili amshike fimbo. Mama aliyashuhudia hayo kwa macho yake mazima. Kwa hiyo macho yake yalipoanza kufifia, alinyamaza. Alitaka tu yamfikishe mpaka nimalize darasa la saba.