Sauti Isiyokatika

Ghalani walimwita Masikio, na wala hakuwa na masikio makubwa. Alikuwa fundi wa mitambo ya baridi kwenye ghala la nyama na mboga zilizogandishwa, na kwa miaka ishirini na minane aliyajua magonjwa ya mashine kwa kusikiliza tu. Wenzake walikuja na vipimo mkononi. Yeye alisimama mlangoni mwa chumba cha mitambo, akainamisha kichwa, akasema, "Kompresa namba mbili, valvu. Haimalizi wiki." Na kweli haikumaliza wiki. Vifunika masikio walivyogawiwa kila mwaka alivitundika kwenye msumari, vikajaa vumbi. Fundi anayeziba masikio, alisema, hana tofauti na dereva anayeendesha amefumba macho. Watu walicheka na kumsifu, na sifa bwana, ni kitu kibaya sana kumpa mtu anayejiumiza.

Muziki wake aliuokota kwa makosa. Alikuwa akitafuta kwenye simu mlio wa kompresa ya aina mpya, akafungua kitu chenye picha ya ukuta mtupu, na humo ndani mlikuwa na mvumo mmoja tu wa dakika arobaini. Aliketi juu ya ndoo akisubiri ugonjwa ujitokeze. Dakika ya ishirini alitambua mvumo mwingine chini ya ule wa kwanza, ukipanda taratibu mno hata hukuweza kusema umeanza lini. Ugonjwa haukutokea. Hata mashine yenyewe haikuwepo. Mtu mzima na akili zake timamu alikuwa ameutengeneza mvumo ule kwenye kompyuta, akauita albamu. Masikio alitaka kucheka, lakini alijikuta kifua kimelegea kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Tatizo likawa nani wa kumgawia. Mkewe alisikiliza dakika mbili akasema, "Baba watoto, friji tunalo moja, linatosha." Watoto, waliokwisha kuwa na nyumba zao, walimwomba kwa heshima zote asiwatumie tena. Kinyozi wake aliweka albamu moja kibandani, mteja akauliza kama redio imekufa. Aliyebaki ni shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, mshonaji wa sare za shule, ambaye siku nzima hushinda katikati ya vyerehani vitatu vinavyopiga kelele. Huyo alisikiliza mwanzo hadi mwisho, akarudisha simu. "Nusu ya kwanza upuuzi mtupu," alisema. "Ila kuanzia dakika ya kumi na tisa, shemeji, huyo mtu anajua kitu."

Basi wakashikana hapo. Kila Jumapili mchana, vyombo vikishaoshwa, mmoja alimletea mwenzake albamu. Masharti yalikuwa mawili: uisikilize nzima mikono ikiwa mitupu, bila kushona wala kumenya viazi, halafu uje useme dakika iliyokushika. Baada ya hapo ni ugomvi. Waliwahi kubishana saa nzima juu ya sekunde nne za kimya. Shemeji hakuwa mtu wa kusifu. Albamu aliyoipenda aliiita "si mbaya sana", na Masikio aliondoka na maneno hayo akiwa na furaha ya wiki nzima. Kwa miaka sita, kusema kweli, ndiyo furaha pekee aliyokuwa nayo.

Jumapili moja Masikio alileta albamu aliyoapa kwamba hajapata kusikia mfano wake. Piano, noti moja, kimya kirefu, noti nyingine.

"Hiyo piano danganya toto," alimwambia. "Wewe sikiliza kinachopita chini yake. Kuna sauti nyembamba inaanza kabla piano haijaguswa, haikatiki mpaka mwisho. Hiyo ndiyo inayobeba kazi yote."

Shemeji aliisikiliza mara tatu wiki ile. Jumapili iliyofuata alikuja amenuna.

"Hakuna sauti nyembamba, shemeji."

"Ipo."

"Haipo. Nimefungulia mpaka kichwa kimeniuma."

"Hedifoni zako mbovu."

"Haya, lete zako." Alizivaa, akasikiliza, akatikisa kichwa, kisha akamvika mwenyewe. "Niambie ikianza."

Masikio alifumba macho. "Hiyo hapo. Wazi kabisa."

Shemeji alisogeza kidole kwenye kioo cha simu. "Na sasa?"

"Bado ipo. Piano imenyamaza, lakini yenyewe inaendelea. Ndiyo maana nakwambia huyu mtu..."

Alipofumbua macho alikuta simu imezimwa, imelala mapajani mwa shemeji, na shemeji amejiziba mdomo kwa kiganja.

Masikio alizipitia kichwani albamu zake za karibuni, moja baada ya nyingine. Saba za mwisho zote alizisifia jambo lile lile.

"Mimi nilidhani ndiyo mtindo unaoupenda siku hizi," shemeji alisema kwa sauti ndogo.

Daktari wa masikio alimwonyesha mstari kwenye karatasi, ukienda vizuri halafu ukiporomoka. Mlio ule ulitoka ndani ya masikio yake mwenyewe na hautaondoka. Kusikia kutaendelea kupungua. Vifaa vya kuvaa vingemsaidia kuwasikia watu wakiongea naye karibu, lakini sauti ndogondogo za muziki wa namna ile, daktari alisema bila kumficha, azisahau.

"Ungekuja miaka kumi iliyopita," akaongeza.

"Miaka kumi iliyopita nilikuwa nasikia vizuri," Masikio akamjibu.

Kazini alificha. Aliendelea kusimama mlangoni na kuinamisha kichwa kama zamani, akibahatisha, mpaka asubuhi aliyosema mitambo yote mizima na kompresa namba tano ikakwama kabla ya mchana. Nyama ya chumba kizima ilitupwa. Msimamizi hakumfokea, na heri angemfokea. Alimhamishia stoo kugawa boliti na mikanda. Watu wa ghalani hawakumwita tena Masikio. Walianza kumwita mzee, kwa upole, na kila walipomwita hivyo alitamani ardhi ipasuke.

Halafu shemeji akaja Jumapili mbio mbio, futi ya kupimia ingali shingoni.

"Shemeji, nimepata albamu. Nimelia mie, nimelia kama mtoto."

Hakuwahi kusema hivyo hata mara moja. Masikio alivua vifaa alivyopewa na daktari, akavaa hedifoni, akafungulia hadi mwisho. Alisikia sauti yake nyembamba, basi. Alimtazama shemeji usoni, akaona macho yanaanza kulowa kwa kukumbuka tu, akazivua.

"Nihadithie," alisema, akirudisha vifaa masikioni.

"Kuna sauti moja," shemeji alianza.

"Ya nini?"

"Sijui ya nini. Inakaa."

"Halafu?"

"Halafu inakaa. Inabadilika, lakini huioni ikibadilika. Ukija kushtuka, imeshakuwa nyingine."

"Imetoka wapi ikaenda wapi?"

Mwanamke mwenye ulimi usio na breki alikosa neno. "Hakuna kinachotokea, shemeji," alisema mwishowe. "Ndiyo utamu wake."

Masikio aliitikia kwa kichwa. Alimwamini, tena alijua kwamba jambo lisilotokea halisimuliki, hata msimulizi angekuwa hodari vipi. Shemeji aliirudisha simu mkobani na kuuliza dada yake amepika nini.

Jumapili iliyofuata hakuja na albamu. Alikuja na habari za mteja aliyerudisha suruali mara tatu kumbe ananenepa, akazisimulia kwa sauti ya juu, akitamka kila neno pole pole. Masikio alicheka kila alipoona yeye anacheka. Alijua anahurumiwa, na alimchukia kwa hilo, huyo huyo mtu mmoja aliyewahi kusikia alichokisikia yeye. Juu ya maneno yote ile sauti nyembamba iliendelea, nzuri kama siku aliyoisifia, na hapakuwa na mtu duniani wa kumsikilizisha.