Jua la Ng'ambo ya Korido

Fleti yetu ya Joubert Park iko ghorofa ya tano, na madirisha yake yote yanatazama kusini. Nilipokuja kuiangalia ilikuwa Januari, joto kali, nikafurahi kukuta ndani kuna ubaridi. Hakuna aliyeniambia kwamba hapa kusini mwa Afrika wakati wa baridi jua hupita upande wa kaskazini tu, na kwamba chumba kama changu hakipati hata mwale mmoja kuanzia Mei mpaka Agosti. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuwa sijawahi kuchagua nyumba kwa kufikiria jua liko wapi. Kwetu jua unalikimbia.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani. Mume wangu anauza dukani huko Diepsloot na hulala hukohuko, anarudi Jumamosi jioni. Kwa hiyo siku nyingi tunakuwa wawili, mimi na binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba. Amezaliwa hapa. Kiswahili alikuwa anakisikia chote, ila hakisemi. Ukimwambia lete maji, analeta. Ukimwuliza shule ilikuwaje, anakujibu Kiingereza, na akicheza na wenzake kwenye ngazi, ni Kizulu kitupu. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamnyima katuni. Mwisho nikazoea, ingawa kila nilipompigia mama yangu Tanga na kumpa mtoto simu, nilikuwa naona aibu. Mtoto anasema "hello", bibi anasema "shikamoo hujui?", simu inarudi kwangu.

Umeme ulikatika Jumatatu asubuhi, shule zimefungwa, katika wiki ya baridi ambayo hata wenyeji waliilalamikia. Nyasi za bustani zilikuwa nyeupe kwa barafu mpaka saa nne, na bomba la juu ya paa liliganda, tukawa tunasubiri liyeyuke ndipo maji yatoke. Kukatika kwa umeme si jambo geni kwetu. Tumezoea masaa mawili, masaa manne, unapanga kazi zako kufuata ratiba. Safari hii hapakuwa na ratiba. Mlinzi wa jengo alisema mji mzima umewasha hita kwa pamoja, waya umeungua mahali chini ya ardhi, na mafundi wana mitaa mingi ya kupitia kabla ya wetu. Akasema "eish", akashusha kofia mpaka masikioni, akarudi kibandani kwake.

Siku ile ya kwanza nilijifanya hodari. Jiko letu ni la umeme, kwa hiyo tulikula mkate na siagi ya karanga. Cherehani langu nalo ni la umeme. Nilikuwa na magauni sita ya wasimamizi wa harusi yaliyobaki pindo, nikaanza kupinda kwa mkono, lakini vidole vilikuwa vigumu kiasi kwamba sindano nikiiangusha sijui kama nimeiangusha. Binti yangu alikaa kitandani ndani ya blanketi mbili, amevaa koti la shule, ananitazama tu. Jumanne alipoamka midomo yake ilikuwa imepauka, na hakutaka kutoka kwenye blanketi hata kwenda chooni.

Ndipo mlango ukagongwa. Alikuwa jirani wa mkabala, mama mmoja wa Kikongo mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, msusi. Miaka miwili tulikuwa tunasalimiana kwenye korido kwa Kiingereza, yeye na wateja wake, mimi na vitambaa vyangu. Nilijua anazungumza Kiswahili. Nilikuwa nakisikia kupitia mlangoni kwake, Kiswahili cha Lubumbashi, na lazima niseme ukweli, nilikidharau. Mimi nimekulia Tanga, nimefunzwa na baba aliyekuwa mwalimu. Kusikia mtu anasema "mutoto" na "batu" kulinikwaruza sikio, nikaona afadhali Kiingereza, ambacho sote wawili tunakiharibu sawasawa.

Safari hii hakusema Kiingereza. Alichungulia ndani, akamwona mtoto, akasema kwamba kwangu tunakaa kama ndani ya friji na kwake kuna jua la bure. Tulete miguu.

Nilichukua magauni na mtoto nikavuka korido, hatua tano. Fleti yake inatazama kaskazini. Jua lilikuwa limejaa sakafu nzima, limepanda mpaka kwenye kochi, na wateja wawili walikuwa wameketi humo wakisukwa kana kwamba hakuna kilichotokea mjini. Kusuka hakuhitaji umeme. Binti yangu alikwenda moja kwa moja akakaa chini kwenye zulia, palipo na mwanga, akavua koti. Nikaona aibu kwamba nilikuwa nimemwacha agande kwa baridi siku nzima wakati joto lilikuwa mlango wa pili.

Nilimwita "mama", akakataa. Akasema, "Miye si mama yako. Miye ni yaya yako."

Kwetu yaya ni msichana wa kazi anayelea mtoto. Nilidhani ananitania, au amechukia kwamba nimemletea mtoto wa kumlea. Nilipomweleza, alicheka mpaka akaachia nywele za mteja. Kwao, akasema, yaya ni dada mkubwa, na mimi basi ni mudogo yake. Tukabaki hivyo. Mtoto naye, aliyekuwa akisikiliza, akamwita Yaya tangu saa ile.

Chakula alikuwa anapikia uani, nyuma ya jengo, kwenye kopo kubwa la rangi alilolitoboa matundu na kulijaza mkaa. Yeye analiita mbabula. Mlinzi wa jengo, ambaye ni Mzulu, alikuja kuota moto akaliita imbawula, na wawili hao wakashikana mikono kwa kufurahi kwamba kopo lao lina jina moja. Mimi nimezoea kuliita jiko la mkaa. Kwa mara ya kwanza niliona kuwa Kiswahili cha yule mama kina ndugu huku ambao changu hakina.

Jioni ile, jua lilipotoka dirishani kwake, nilishuka uani na koleo. Makaa yalikuwa bado mekundu, nikataka kuyapandisha kwangu tuyaweke katikati ya chumba. Nilikuwa nimekwisha kushika kopo Yaya aliponizuia. Hakupaza sauti.

"Hapana, mudogo yangu. Moto ya makaa haiingie mu nyumba ya kufunga. Inakulalisha, na hautaamuka."

Nilimwambia nitafungua dirisha kidogo. Akatikisa kichwa. Akasema aliwahi kusaidia kubeba watu waliofungua dirisha kidogo. Kisha akamwaga maji juu ya makaa mwenyewe, mbele yangu, akanipa chupa mbili za maji moto tuweke miguuni. Tulilala tumezikumbatia, na sikumwona mkorofi hata kidogo.

Jumatano na Alhamisi zilikwenda hivyohivyo. Asubuhi tukishaona jua limegusa dirisha lake, tunavuka. Mimi nilipinda magauni, na vidole viliponyooka kazi ilikwenda vizuri, mpaka nikashangaa jinsi pindo la mkono linavyolala vizuri kuliko la mashine. Binti yangu alipewa kazi ya kushika nywele za bandia na kuzigawa vifungu. Hapakuwa na televisheni, tableti ilikuwa imezima, na Yaya Kiingereza chake ni cha kusalimia tu. Mtoto akitaka kujua kitu, ilimbidi atafute maneno. Mwanzoni nilisikia neno moja moja. Hii. Bado. Nipe. Sikugeuka, nilihofia nikigeuka ataacha.

Alhamisi mchana nilikuwa nimerudi kwangu kutafuta uzi wa waridi. Mlango ukafunguka, binti yangu akasimama pale, mikono kiunoni.

"Mama, kuya tukule. Yaya anasema bukari itapola."

Niliketi kitandani. Miaka saba nilikuwa nasubiri mtoto huyu aniambie jambo zima kwa Kiswahili, na lilipokuja lilikuja na lafudhi ya Lubumbashi. Nikajikuta nasema, siyo bukari, ni ugali, na siyo kupola, ni kupoa. Alinitazama kwa huruma, akanijibu kwa Kiingereza kwamba Yaya ndiye aliyeipika, kwa hiyo ni bukari. Moyo ulinichoma kidogo, sitaficha. Halafu nikaona kwamba nikiendelea kusahihisha atarudi kwenye Kiingereza na huko atabaki. Nikaacha. Nikaenda kula bukari, na sombe, ambayo kwetu ni kisamvu, na ilikuwa tamu.

Ijumaa mlinzi alinichajia simu ndani ya gari lake. Nikampigia mama, nikamwambia tu hali ya baridi, nikampa mtoto simu bila kusema lolote. Nilimsikia akisema shikamoo, kisha akaanza kueleza: kuko mpepo sana, yaani baridi kali, batu bote banavaa makoti mawili, na yeye anasuka nywele. Kisha nikasikia sauti ya mama yangu ikiuliza taratibu:

"Mwanangu, hebu mwulize mama yako, ulizaliwa Kongo?"

Mtoto alicheka. Bibi naye akacheka. Waliongea mpaka muda wa maongezi ukaisha. Mama aliniambia baadaye kwamba maneno mengine hakuyaelewa, ila alijua anaongea na mjukuu wake, na hilo lilimtosha.

Umeme ulirudi siku hiyohiyo, saa tisa alasiri, tukiwa kwa Yaya. Friji lake lilinguruma, taa ya korido ikawaka, na kutoka ghorofa zote watu wakashangilia. Magauni yote sita yalikuwa tayari. Bibi harusi alikuja kuyachukua, akageuza pindo, akauliza nimetumia mashine gani.

Siku iliyofuata mume wangu alirudi, akatusaidia kubeba cherehani na meza yake kuvuka korido. Yaya alikuwa amesogeza kochi na kuacha nafasi karibu na soketi. Tulikubaliana nichangie umeme wake, na nimshonee kitenge cha kanisani. Tangu hapo, kila majira ya baridi, nashonea huko kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jua linapotoka kwenye zulia, naye anasuka, na tunabishana majina ya vitu. Binti yetu sasa anatusahihisha wote wawili.