Jina la Adui wa Sinema

Baba yangu aliuawa kila Jumamosi pale sokoni Khayega, na watu walilipa kumwona akifa. Si yeye mwenyewe, ni yule mwigizaji Mhindi ambaye baba alikuwa akimtilia sauti. Lakini ngoja nieleze vizuri, maana hapa ndipo watu huanza kuniangalia vibaya.

Nyuma ya kinu cha kusaga mahindi kulikuwa na chumba cha video. Walionyesha filamu za Kihindi, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha hiyo, baba alisimama kando ya skrini na kipaza sauti akitutafsiria. Kutafsiri gani! Yeye mwenyewe hakujua hata neno. Alitazama midomo na macho, akatunga. Stelingi, yule kijana mzuri ambaye lazima ashinde, alimpitia harakaharaka tu. Moyo wake ulikuwa kwa adui. Na adui wa karibu kila filamu alikuwa mtu yuleyule, mwenye sauti nzito na kicheko kilichoanza polepole, utadhani mtu anakohoa.

Maisha ya mtu huyo baba aliyajua kuliko ya ndugu zake. Alitusimulia jioni tukipukuchua mahindi. Kwamba alikuja mjini akitaka kuwa stelingi, wakamwangalia uso wakamwambia arudi kwao. Kwamba alibeba mizigo ya waigizaji wengine mpaka siku adui mmoja alipougua, naye akavalishwa nguo za mgonjwa. Tangu hapo akanyonga, akachoma nyumba, akateka mabibi harusi. Nyumbani kwake alikuwa mtu mpole wa kumwagilia maua, ila majirani waliwaita watoto ndani akipita. Uzeeni alipewa nafasi ya kuwa baba mwema, lakini watazamaji wakakaa tu wakingoja amuue mwanawe.

Baba alicheka sana akisimulia hilo. Mimi sikucheka. Hata baba mwenyewe, akipita sokoni, akina mama walivuta watoto wao.

Siku moja mwenye duka mmoja Mhindi kutoka mjini Kakamega alikuja kutazama. Katikati ya filamu akainuka, akamwendea baba, akamuuliza nani alimfundisha Kihindi. Baba akasema hakuna. Yule mwenye duka akasema, "Lakini unasema kile anachosema. Neno kwa neno." Akatoka bila kungoja mwisho. Tangu siku hiyo soko zima likamwita baba kwa jina la yule mwigizaji. Jina lake la ubatizo likabaki kanisani na kwenye kitambulisho.

Kisha redio ikatangaza kwamba mwigizaji amekufa. Baba alizima redio, akasema, "Sasa wameniua kweli." Kipaza sauti hakukishika tena. Mahindi ya msimu uleule yalikuwa bado shambani tulipomzika, na kabla hajakata roho alicheka kile kicheko cha adui, macho yakiwa kwangu. Haki ya Mungu, nilitoka nje mbio. Sikurudi mpaka nilipoitwa kuambiwa amekwisha.

Mwaka huu nikajifungua mtoto wa kiume. Akalia. Wacha kusema watoto wote hulia, nimeona watoto. Huyu alikuwa akilia mpaka anakuwa wa buluu, na akiwekwa kwenye ziwa anageuza uso kama amepewa dawa. Hospitalini Iguhu walimpima kila kitu, wakasema hana ugonjwa, nirudi nikajaribu kumnyonyesha. Nikajaribu nini tena? Mbavu zilikuwa zimeanza kuhesabika.

Mama mkwe wangu ni mtu wa kanisa, lakini kwetu hata mtu wa kanisa anajua: mtoto akilia hivi, kuna aliyekufa anayetaka jina. Unayaita majina ya marehemu moja moja. Likifika la mwenyewe, mtoto ananyamaza na kunyonya. Akaita ya upande wao wote. Wapi. Akaita la baba yangu, lile la ubatizo, na mtoto akapiga kelele zaidi.

"Hakuna mtu alikuwa anamwitanga hivyo, mama," nikamwambia. "Ita lile la sokoni."

"La yule Mhindi? Mwenye kuua watu?" Akajifunga leso vizuri kama anayejiandaa kwa vita. "Hiyo jina haiingii kwa hii boma. Na utajuaje ni babako anakuja, si huyo Mhindi?"

Swali hilo ndilo lililonitisha. Mvua ya alasiri ilikuwa inapiga mabati, na ghafla nikasikia kilio cha mtoto kinapungua nguvu. Si kunyamaza, kuisha. Mama mkwe naye akasikia. Uso wake ukabadilika.

Nikaliita lile jina. Sitaliandika hapa, lina wenyewe. Mtoto akasita. Nikaliita tena, na baada ya jina kikatoka kicheko, kizito, polepole, kama kikohozi. Sijawahi kujifunza kicheko kile. Kilitoka kinywani mwangu na hakikuwa sauti yangu.

Mtoto akafumbua macho, akashika ziwa. Akanyonya kwa nguvu mpaka nikaumia.

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani kando yangu. Akainuka taratibu, akajifunika mabega kwa leso, akaenda kukaa kwenye kigoda mlangoni, mbali, vile kwetu mama anavyokaa mkwe wa heshima, baba wa mke wa mwanawe, akiingia. "Mulembe," akamsalimu mtoto. Kisha akainua kidole. "Umekaribishwa. Lakini kwa hii nyumba hakuna mtu utaua."

Mtoto akaachia ziwa. Mtoto mchanga wa umri ule hacheki, kila mama anajua. Akageuza macho kwangu, yaleyale ya baba, akacheka, kwa sauti ya chini.

Miguu yangu ilitaka mlango. Woi, ilitaka sana. Nikamkumbatia, nikamwambia, "Cheka, baba. Safari hii sitoki."